Nimekupa Binti, Unanipa Zinki

Mkono wa mkwe wangu ulikuwa bado kwenye kola yangu.

Wewe uliyechelewa njoo ukae, nakupa kwa kifupi. Mimi ndiye Desimali. Jina hilo nimepewa kazini kwa sababu huwa sikati namba. Ikiwa sifuri nukta sifuri saba nitakuandikia hivyo hivyo, hata ulie. Kazi yangu ni kupima mawe ya chuma. Sampuli inatoka shimoni, inaletwa maabara, inasagwa mpaka iwe unga, unga unagandamizwa kuwa kidonge, kidonge kinaingia kwenye mashine ya miale, na mashine inatuambia ndani ya chuma kuna uchafu gani na ni kiasi gani.

Wiki iliyopita mashine ikasema mawe ya Shimo la Chini yana zinki. Tena zinki ya kutisha, mara nne ya ile anayoikubali mnunuzi. Zinki ikiingia kwenye tanuru lake inapanda na moshi, inaganda ukutani, inaziba. Nikaandika nilichoona. Nikasaini.

Na msimamizi wa Shimo la Chini ni nani? Baba mzazi wa mke wangu! Wanamwita Baruti.

Ndiye huyo sasa, Jumatatu asubuhi, amenikaba mlangoni mwa maabara, watu wote macho pima.

"Nimekupa binti," alisema. "Nikakupa na baraka zangu. Wewe unanipa zinki?"

"Baba, siyo mimi. Mashine..."

"Mashine ndiyo inayokuja kula kwangu kila Jumapili? Saini niliyoonyeshwa ni ya mashine?"

"Ni yangu, Baba."

"Lile shimo nimeliingia kabla wewe hujaota ndevu." Akaniangalia kidevu. "Na bado hujaota."

Watu wakacheka. Kinu naye akacheka, na Kinu ni rafiki yangu! Huyo ndiye mwenye mashine ya kusagia mawe, muda wote mwekundu kwa vumbi kuanzia kope hadi viatu.

"Mzee, mlegezee kidogo apumue," Kinu alisema. "Akifa, nani atakupa jibu jipya?"

"Nyamaza wewe, tofali!"

Hapo ndipo mlango wa ofisi ukafunguka, akatoka Bi Sindano.

Bi Sindano ni mkuu wetu wa maabara. Mama mfupi, sauti ya chini, hagombi. Anakuchoma neno moja, unalihisi mpaka jioni.

"Mzee wangu, mwachie," alisema. "Hilo koti ni mali ya maabara."

Baruti akaniachia. Nikaweka kola sawa kama mtu aliyekuwa anafunga tai.

"Mnunuzi hajakataa mzigo, hajakubali," Bi Sindano akaendelea. "Mkaguzi wake yuko ofisi kuu. Anataka tupime upya, na jibu alipate saa sita mchana. Zinki ikirudi, Shimo la Chini linafungwa leo leo. Mzee, wewe na vijana wako mtarudi nyumbani."

"Na isiporudi?" Baruti akauliza.

"Basi Desimali alitupimia vibaya. Atakayerudi nyumbani ni yeye."

Nyumbani gani, jamani? Nyumba yenyewe ni ya kampuni! Siku unayoacha kazi ndiyo siku unayokabidhi funguo.

Sasa nihesabieni wenyewe. Nikiwa nimepatia, nimemfungia mkwe wangu shimo. Nikiwa nimekosea, naokota mke, mtoto na godoro, natafuta ukumbi wa kulala. Mbele moto, nyuma maji.

"Mimi sitoki hapa," Baruti akasema. Akaketi kwenye benchi la koridoni, kofia ngumu mapajani, buti zimeacha alama nyekundu sakafu nzima. "Nitasubiri hapa hapa nimwone anayenifukuza."

* * *

Kinu akaenda kugandamiza kidonge kipya kutoka kwenye mfuko wa ule unga wa wiki iliyopita. Mimi nikaingia chumba cha mashine, nikafunga mlango.

Ngoja niwaambie kuhusu hii mashine, maana najua mtauliza. Ni sanduku kubwa la kijivu, linavuma kama friji. Ndani mna mwale usioonekana. Mwale ukikipiga kidonge, kila kitu kilichomo kinajibu kwa mwanga wake. Chuma kina wake, silika ya mchanga ina wake, fosforasi ina wake, zinki ina wake, kama watoto wa darasa moja wakiitwa majina. Hakuna anayeweza kujificha. Mashine haijui mkwe, haijui shemeji.

Simu ikalia. Mke wangu.

"Baba Kifaranga, ile krimu umeiweka wapi?"

"Mama Kifaranga, niko kazini. Baba yako kanikaba mbele za watu."

"Najua, kanipigia. Krimu iko wapi?"

"Krimu ipi?"

"Ya makalio ya mtoto! Kaiva tena, anapiga kelele mpaka jirani kaja kuuliza."

Hapo lazima nikiri: zamu ya asubuhi ni yangu. Mama Kifaranga anatoka mapema, mimi namwogesha mtoto, namkausha, nampaka, nampeleka kwa jirani, kisha nakimbilia kazini. Leo mke wangu alirudi mapema, akamchukua mtoto, akakuta kilio.

"Iko dirishani," nikasema.

"Hilo kopo tupu ndiyo krimu? Wewe unampaka mtoto au unapiga plasta? Kopo zima limekwisha wiki moja! Haya niambie jina nikanunue lingine."

"Sijui jina. Soma."

"Limefutika. Nakutumia picha ya nyuma. Si wewe ndiye bingwa wa kusoma vitu vidogo vidogo?"

Picha ikaingia. Nikaikuza kwa vidole viwili. Herufi za nyuma ya kopo zilikuwa ndogo kama mayai ya sisimizi, nikasoma kitu cha kwanza kabisa kilichoandikwa kuwamo kwenye ile krimu.

Zinki oksidi.

Nikaikuza picha zaidi.

Nikasoma tena. Zinki. Ile krimu nyeupe, nzito, inayong'ang'ania kwenye kucha hata unawe vipi, ni zinki!

Nikaikumbuka siku ile ya kipimo, wiki iliyopita. Glavu zilikuwa zimekwisha. Sheria ya kidonge iko wazi, hata mgeni wa siku moja anaambiwa: kishike pembeni, usoni usikiguse, kama usivyogusa kioo cha miwani ya mwenzio. Mwale unasoma uso tu. Ukiugusa, umeandika jina lako juu ya chuma. Mimi siku ile nilikuwa na haraka, kidonge kikagoma kukaa sawa kwenye kishikio, nikakisukuma.

Kwa kidole gumba. Usoni.

Nikachukua kidonge kitupu, kile cheupe cha kujaribia mashine kisicho na chochote ndani. Nikakibonyeza kidole gumba katikati. Nikakiingiza. Mashine ikavuma, ikafikiri, ikatoa mstari kwenye kioo.

Pale panapotakiwa pawe tambarare, zinki imesimama kama mnara wa simu.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee. Changu kilikuwa kwenye ukucha.

* * *

"Nini hicho?" Kinu alikuwa ameingia na kidonge kipya kwenye sahani, ananichungulia begani.

"Kidole changu."

"Kidole kina zinki?"

Nikamweleza yote. Nilipofika kwenye makalio ya mtoto alicheka mpaka vumbi likamdondoka. Kisha akaacha kucheka. Akarudisha mlango taratibu.

"Nani anajua?"

"Wewe na mimi."

"Basi sikiliza, Desi. Mimi sijasema kitu, sawa? Kidonge kile pale. Glavu zile pale. Ukizivaa, zinki haipo, umejifukuza kazi mwenyewe. Usipozivaa..."

Akakiangalia kidole changu gumba. Nami nikakiangalia.

"Wee Kinu!"

"Nimekwambia sijasema." Akatoka.

Nikabaki mimi, sanduku linalovuma, na kidonge chekundu ukubwa wa kizibo cha chupa.

Mguso mmoja tu, jamani. Hakuna wa kuniona. Zinki inarudi, Desimali hakukosea, nyumba ni yangu, funguo ni zangu. Mkwe analia, ndiyo, lakini atalia kwa sababu ya mashine. Nitamwambia pole, Baba, ndiyo sayansi.

Nikakiinua kidole. Nikakishusha mpaka nikahisi ubaridi wa kile kidonge bila kukigusa.

Nje, koridoni, nikamsikia Baruti anaongea na simu. Anaongea na vijana wake wa shimoni, kwa sauti ya mtu anayetaka kuficha hofu.

"Tulieni, tulieni. Nani kawaambia mkusanye vitu? ... Hapana. Mkwe wangu ndiye yuko ndani. ... Ni mkaidi, ndiyo, ni mkaidi kama punda. Lakini ana kitu kimoja yule kijana, hakati namba. Kama ni safi, atasema ni safi."

Mungu wangu!

Angenitukana ningekibonyeza. Nawaapia. Angesema neno moja baya, saa hii ningekuwa nawasimulia hadithi nyingine.

Nikakiondoa kidole. Nikafungua mlango.

* * *

"Madam," nilisema, "zinki ni yangu."

Bi Sindano alikuwa amesimama karibu na benchi, kikombe mkononi. "Yako vipi? Umefungua shimo lako?"

"Ya makalio ya mtoto."

Nikasema yote: krimu, glavu, kidole, kidonge kitupu. Nikaonyesha na picha ya kopo kwenye simu. Nilijisikia kama mtu anayevuliwa nguo sokoni, tena anazivua mwenyewe.

Baruti ndiye aliyeanza. Ilianza kama kikohozi. Kisha bega likatikisika. Kisha mzee mzima akaangua kicheko, kofia ikaanguka ikabingirika mpaka ukutani.

"Makalio ya mjukuu wangu ndiyo yalitaka kufunga shimo langu!"

Akasimama akanikumbatia mpaka mbavu zikalia. "Mwanangu! Umejichinja, lakini umejichinja kiume!"

Kinu akapiga makofi. Watu wa ofisini wakachungulia. Kila mtu anacheka, na mimi nacheka, huku moyoni naanza kufikiria godoro nitalibebaje.

Bi Sindano hakucheka. Lakini mabega yake yalishuka, kama mtu aliyetua ndoo.

"Funguo za nyumba utaniletea jioni," aliniambia. "Ila kidonge tukipime kwanza. Maneno ya mtu siyo kipimo."

Alikiingiza yeye mwenyewe, kwa glavu mpya na kibano, pembeni, hakuugusa uso. Baruti akaruhusiwa kusimama mlangoni. Mashine ikavuma. Ikafikiri.

Chuma, sawa. Silika, sawa. Fosforasi, chini kabisa, raha.

Zinki.

Mara nne. Ileile! Kama wiki iliyopita, kama vile kidole changu hakijawahi kuzaliwa.

"Mbona mmenyamaza?" Baruti akauliza mlangoni. "Ee? Mbona mmenyamaza?"

"Madam," nikasema, na sauti ilikuwa imepanda yenyewe, "basi siyo kidole! Zinki ipo kwenye unga. Mimi sikukosea!"

"Unga ni wa mfuko uleule," alijibu bila kunitazama. "Uliuchota wiki iliyopita kwa mikono ileile. Umeuchafua mfuko mzima."

"Niliuchota kwa kijiko, Madam."

"Desimali. Umeshakiri mbele ya watu. Usianze kukana."

Nikarudi nyuma hatua moja.

"Nenda shimoni na mzee, mlete sampuli mpya," akasema. Kisha, wakati nishafika mlangoni: "Usichukue kwenye mfereji. Vunja mawe ukutani kwa nyundo, uniletee hayo."

Nikageuka. Sampuli zetu zote zinachukuliwa kwenye mfereji, pale mawe yaliyosagwa yanapoanguka kutoka kwenye mkanda, yakiwa yamechanganyika. Jiwe ulilolivunja mwenyewe ukutani linakupa habari za jiwe hilo tu. Hiyo sheria nani alinifundisha? Yeye mwenyewe! Siku yangu ya kwanza kazini, alinirudisha shimoni kwa sababu nilimletea mawe ya kuokota.

"Ukutani, Madam?"

"Saa zinakwenda, Desimali."

* * *

Kwenye gari Baruti alikuwa mtu mwingine. Kile kicheko chote kilikuwa kimekauka. Nilimwambia, Baba, usijali, mawe yako ni safi, naamini. Akaitikia "mm". Nikamwambia tukilala kwako tutakuwa tunakoroma kwa zamu. Akaitikia "mm".

Shimo la Chini ni bakuli kubwa jekundu, ngazi kwa ngazi. Chini kabisa kuna mashine ya kuvunja mawe, inanguruma mpaka meno yanacheza. Mkanda unapandisha mawe, na ubavuni mwa mkanda ndipo ulipo mfereji wa sampuli. Vijana wa Baruti walikuwa wamekaa kivulini, vitu vyao vimefungwa miguuni. Hawakunisalimia.

Baruti akanipa nyundo. "Ukuta ule pale."

Sikwenda ukutani. Miguu yenyewe ilinipeleka kwenye mfereji.

"Madam kasema ukutani!" akapiga kelele nyuma yangu.

"Naangalia tu, Baba."

Nikapangusa vumbi kwa kiganja. Chini ya vumbi pakang'aa.

Mfereji huwa na mpira ndani, mpira mweusi mnene, ili mawe yasile chuma cha mfereji wenyewe. Mpira haukuwepo. Palikuwa na bati. Bati la kuezekea, jipya, limekunjwa likapigiliwa misumari, na mawe yalikuwa yamelichuna katikati mpaka rangi yake ya kung'aa imetoka.

Imetoka ikaenda wapi? Unajua kwa nini bati la nyumba yako halioti kutu haraka? Limepakwa zinki. Kila kilo ya mawe iliyoteleza hapo ilikuwa inalamba zinki, inaileta kwangu, na mimi naandika, nasaini.

Mawe ni safi! Shimo ni safi! Na mikono yangu, pamoja na krimu yake yote, haikufanya kitu!

Nikageuka. Baruti alikuwa amevua kofia.

"Mpira ulichanika," alisema. "Stoo hakukuwa na mwingine."

"Mkaweka bati."

"Tukaweka bati."

"Baba, ni wewe uliyeliweka?"

"Nyundo nilishika mimi." Akatazama chini. "Sikujua habari za zinki, mwanangu. Nimejua leo, pale mashine ilipoirudisha. Nilipoona Madam anakutuma ukutani, ndipo nikaelewa."

"Basi tumwambie mkaguzi! Shimo linapona, na mimi napona."

"Na mimi?" Akasogea karibu. Yule mtu aliyenikaba asubuhi sasa alikuwa ananishika mkono kama mgonjwa. "Sikiliza. Vunja mawe ukutani. Yatatoka safi. Vijana wale watabaki kazini. Krimu umeshaikiri, watu wamecheka, mambo yamekwisha. Wewe bado kijana, utapata kazi popote. Mimi kwa umri huu, nikiambiwa nimeharibu mfereji wa sampuli, nani atanipa hata ufagio?"

"Mjukuu wako atalala wapi?"

"Kwangu."

"Na jina langu, Baba?"

"Jina hata likilala nje halishikwi mafua."

Ningecheka siku nyingine.

Simu ikalia. Bi Sindano. Mashine ya mawe ilikuwa inanguruma, sisikii kitu, nikafungua spika.

"Umeshavunja?"

"Bado, Madam. Nilikuwa naangalia mfereji."

Nikadhani amekata.

"Nani kakutuma uangalie mfereji?"

"Madam, kuna bati. Zinki inatoka kwenye bati, siyo kwenye mawe. Tumwambie mkaguzi tu..."

"Hujaona bati."

"Nimelishika kwa mkono, Madam."

"Mkono wako leo umeshashika mengi. Nisikilize vizuri. Mfereji uko chini ya saini yangu. Mkaguzi akisikia habari ya bati, hatauliza sampuli moja, atafukua zote nilizowahi kusaini. Leta mawe ya ukutani, zinki itaondoka, shimo litabaki, na wewe nitakuandikia barua nzuri uende nayo kwingine."

"Lakini nani aliruhusu bati, Madam?"

"Mimi sijui habari ya bati. Kama lipo, mzee kaliweka kwa akili zake mwenyewe bila kuniuliza. Na hivyo ndivyo nitakavyosema popote nitakapoulizwa."

Nikainua macho.

Baruti alikuwa amesikia kila neno. Uso wake ulibadilika polepole, kama ukuta wa udongo unaponyeshewa.

"Bila kumuuliza?" alisema. "Alisimama hapo hapo uliposimama wewe! Na viatu vyake vya ofisini! Akaniambia, mzee, weka bati, ni wiki moja tu, mpira unakuja. Nikamwambia Madam, bati? Akasema bati ni bati!"

"Nani huyo?" sauti ya Bi Sindano ikatoka kwenye simu. "Desimali! Umeweka spika?"

Akakata.

Nikaigeuza simu, nikaielekeza kwenye bati.

Nikafungua kamera.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Napiga picha, Baba."

"Unaipeleka wapi?"

"Kwenye kundi letu la kazi. Mkaguzi wa mnunuzi yumo humo, aliingizwa wiki jana."

Alikuwa karibu. Angeweza kuinyakua hiyo simu akaitupa kwenye mkanda, ikasagwa pamoja na mawe, na mimi nisingefanya kitu. Mzee ana mikono kama koleo. Aliitazama. Akawatazama vijana wake pale kivulini.

Kisha akavaa kofia. Akalipangusa bati kwa mkono wa shati, lote, mpaka likang'aa. Akasimama kando yake, akaweka kiganja juu yake, akanyoosha shingo kama mtu anayepiga picha ya kitambulisho.

"Nipige na mimi," alisema. "Uso uonekane. Wasije wakasema bati lilijipigilia."

Nikapiga. Nikaandika chini yake: *Zinki ni ya hili bati la mfereji. Mawe ni safi. Tupo hapa shimoni, njooni mwone.*

Nikatuma.

Alama moja. Mtandao wa shimoni mnaujua. Nikainua simu juu ya kichwa kama mtu anayeomba mvua. Alama mbili! Imefika! Nikaikodolea macho nione zikigeuka bluu, nione nani kasoma.

Badala yake maandishi madogo yakatokea chini kabisa.

*Umeondolewa kwenye kundi.*

"Wamesoma?" Baruti akauliza.

Nikabonyeza. Nikabonyeza tena. Mlango umefungwa, mimi niko nje, picha iko ndani, au imeshafutwa, sijui.

"Mwanangu, wamesoma?"

"Sijui, Baba."

King'ora cha saa sita kikalia. Vijana wakasimama wote kwa pamoja, kila mmoja na mzigo wake.

Na king'ora kilipokoma, kukawa na kimya ambacho sijawahi kukisikia mahali pale. Mashine ya mawe ilikuwa imezimwa. Mkanda umesimama, mawe juu yake, nusu njia.

Hakuna hata mmoja wetu aliyegusa swichi. Mtu huko juu ndiye aliyeuzima. Mkanda unazimwa kutoka juu kwa mambo mawili tu: shimo likifungwa, au mkaguzi akitaka kushuka kuukagua mfereji.

"Nani kauzima?" Baruti akanong'ona, kiganja chake bado juu ya bati.

Juu kabisa, kwenye ukingo wa shimo, mtu mmoja alianza kushuka ngazi.